Pumziko kwa Wenye Kulemewa

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ndani ya mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Maji yalipungua, lakini kwa wengi hofu haikupungua. Mvua ikipiga mabati usiku, moyo hudunda, usingizi hukimbia, hata bugali na ndagala hazina ladha. Je, mtu kama huyo amekosa imani?

Sivyo. Soma habari za Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii huyu aliona moto ukishuka juu ya Karmeli, lakini Yezebeli alipomtisha alikimbia nyikani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Tazama jinsi Mungu alivyomtunza. Hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, kisha malaika akamletea mkate na maji. Akala, akalala tena, akala mara ya pili. Ndipo alipopata nguvu za kwenda siku 40 mpaka Horebu. Huko Mungu alimjulisha kwamba hayuko peke yake: watu 7,000 walikuwa waaminifu pamoja naye.

Basi, Mungu aliyeumba roho ndiye aliyeumba mwili. Wewe uliyelemewa, fanya hivi:

1. Kula, hata kidogo. Kunywa maji yaliyochemshwa, maana kipindupindu hakijaisha kando ya ziwa letu.

2. Lala saa ile ile kila usiku, ndani ya chandarua. Usitafute usingizi katika pombe. Utaamka usiku wa manane, na hofu itazidi.

3. Usikae peke yako. Mweleze mzee au mama wa kanisa ajuaye kutunza siri, mkaombe pamoja.

4. Ukikosa usingizi majuma mawili, njoo hospitali. Ukitamani kufa, njoo leo hii. Kumwendea mganga si kumwacha Mungu.

Bwana Yesu hakuahidi kwamba mito haitafurika tena. Mvua ikiwa kubwa, nawe unakaa kando ya mto, ondoka upesi na watoto wako. Huko nako si kukosa imani. Lakini katika Mathayo 11:28 awaita wote waliochoka waje kwake, naye atawapumzisha. Usiku huu mtajie kila jambo unaloliogopa, moja moja. Kisha ulale. Yeye anakesha.