Kuku wa Kibuye na swali la "nani huchinja?"

Wasee, uzi mfupi. Kila watalii Waislamu wakija Kisumu, wawe wa Mombasa, Eastleigh au wa kutoka ng'ambo, maneno ni yaleyale: "hawa wanataka tubadilike kwa ajili yao." Hebu tuyaangalie polepole.

Mamangu huuza kuku wa kienyeji Kibuye, na ukitaka anakuchinjia papo hapo. Desemba iliyopita familia moja ya Mombasa ilimuuliza, "Mama, hapa huchinja nani?" Jirani yake wa kibanda akawaka: kwani kuku wetu ni wachafu? Nilimwelewa. Ukiulizwa hivyo mbele ya wateja, inauma.

Lakini swali halikuwa la usafi. Muislamu hula nyama iliyochinjwa kwa jina la Mungu, kwa masharti ya dini yake. Si tumezoea Wasabato kufunga biashara Jumamosi? Hakuna anayesema wameitukana Jumamosi yake. Na samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hivyo ngege wetu hana kesi kabisa.

Sasa siasa. Kwenye mjadala huu watu huchanganya heshima na sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa. Kwa hivyo kaunti haiwezi kuamuru kila kibanda kiuze halali. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kazi, haki wala nafasi ya kuingia mahali kwa sababu ya imani yake, na asilazimishwe kutenda kinyume na imani hiyo. Ukimfukuza mama hotelini kwa sababu ya buibui, Katiba haiko upande wako. Ukikataa kumtafutia mchinjaji Muislamu, hujavunja chochote, umepoteza mteja tu.

Na si mambo ya kuchekelea. Ng'ambo ya ziwa, Buseresere huko Geita, Tanzania, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja ulifika mpaka mchungaji akauawa, Februari 2013. Hapo hapakuwa na mtalii hata mmoja. Walikuwa majirani, na Wakristo walitaka kuchinja wenyewe badala ya kuwaachia Waislamu kama ilivyozoeleka. Desturi ikianza kuonekana kama amri, watu hukasirika, hata kama mwanzoni ilikuwa ukarimu.

Halafu hili neno "wageni". Mtu akikuambia Uislamu umeletwa hapa na watalii, muulize mbona tuna mtaa unaoitwa Manyatta Arab. Muulize kama Wajaluo Waislamu wa Kendu Bay nao ni watalii. Mgombea akilitaja neno hilo jukwaani, mwambie aseme wazi ni nani, maana linaanza na mtalii, kesho liko kwa jirani.

Mama siku hizi ana kijana Muislamu anayemchinjia wateja wakitaka. Jirani wa kibanda amekataa katakata, anachinja mwenyewe, na ni haki yake. Jumapili wote wawili huuza.