Maktaba Ndani ya Simu: Bando Analipa Nani?



Siku hizi viongozi wa tawi wakipeleka kwa mwajiri dai la chumba cha kusomea kambini, jibu huwa tayari: "Maktaba ya nini tena? Simu mnazo, vitabu vyote vimo humo." Jibu hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayotushinda mezani kwa sababu hatujajiandaa kuijibu. Basi tuanze na ule ukweli wenyewe.

Ni kweli maktaba zimetoka nje ya kuta zake. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha za zamani zipatazo 3,000 kwenye mtandao wa picha uitwao Flickr, ikawaomba watazamaji waandike wanachokijua juu yake. Watu wakaitikia. Huyu alitaja mahali, yule akamtambua mtu, na wakutubi wakahakikisha na kusahihisha kumbukumbu zao. Yaani msomaji alimfundisha mkutubi. Agosti 2018 maktaba ya umma ya jiji la New York ilitoa kitabu kizima, Alice's Adventures in Wonderland, kwenye Instagram. Unaweka kidole gumba juu ya kioo, ukurasa unatulia usome. Ukikiinua, unaofuata unafunguka. Vijana ambao hawakanyagi maktaba walifuatwa huko huko wanakoshinda.

Karibu na kwetu kuna African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, Uganda ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Ni hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, nazo mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzichapa na hata kuzitafsiri bila malipo. Sheria za Uganda nazo zinasomeka bure kwenye mtandao, pamoja na Sheria ya Ajira ya 2006. Ndugu, hilo si jambo dogo. Mimi nilikomea darasa la saba, na wakati naanza kazi ya chama, kuiona sheria kwa macho yako kulitaka nauli ya kwenda mjini na karani wa kumbembeleza.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili.

Mwaka ule ule wa 2018 ambao New York walikuwa wakisoma kitabu kwenye Instagram, hapa Uganda ilianza, tarehe 1 Julai, kodi ya mitandao ya kijamii: shilingi 200 kila siku kabla hujafungua WhatsApp, Facebook wala Twitter, na bando hujanunua bado. Piga hesabu ya siku 30, unapata shilingi 6,000. Kiasi hicho hicho ndicho kima cha chini cha mshahara wa mwezi kilichowekwa kisheria mwaka 1984, na hadi kodi inaanza kilikuwa hakijabadilishwa. Wako waliokwepa kwa programu za VPN, lakini nazo hula bando na chaji.

Kodi ya 200 iliondolewa Julai 2021, mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya bando. Sheria ilisamehe data ya huduma za tiba na elimu. Vizuri sana. Lakini unaponunua bando dukani, nani anakuuliza kama unakwenda kusoma au kutazama mpira?

Tena kuna kufungwa. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilifungwa; tarehe 13 jioni intaneti yote ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Facebook haikurudi pamoja nayo, na miaka iliyofuata iliendelea kufungwa. Fikirini mkutubi aliyekuwa akitangaza vitabu vipya na saa za kufungua kwa njia ya Facebook peke yake: ubao wake wa matangazo uling'olewa usiku mmoja, na yeye hakuwa na wa kumlalamikia. Wala si amri ya serikali tu inayofunga. Oktoba 2023 wahalifu wa mitandao waliivamia Maktaba ya Uingereza iliyoko London, orodha yake ya vitabu ikatoweka mtandaoni hadi Januari 2024. Na habari za binafsi za wafanyakazi wa maktaba ile, wenzetu hao, ziliibwa na kumwagwa hadharani.

Hata siku ambazo mtandao upo, tazameni nani hasa anayo hiyo simu. Wengi kambini wana simu ya tochi, ya kupiga na kupokea. Kwenye nyumba yenye simu janja ni moja, na baba anatoka nayo asubuhi. Mama anayechuma chai, na ndiye mwenye watoto wa kusomesha, anaiona usiku ikiwa haina chaji. Ile Sheria ya Ajira ya bure nayo imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Bila mtu wa kukaa nawe na kukuonyesha kifungu, utaikodolea macho tu.

Kwa hiyo tusikatae simu. Tudai simu iwe na chumba nyuma yake. Kuna vifaa vidogo, kama kile kiitwacho RACHEL, vinavyobeba Wikipedia, masomo ya shule na vitabu vingine, kisha vinarusha ndani ya chumba bila intaneti. Simu janja au kompyuta ikiwa karibu inasoma bila kukatwa senti. Hadithi za African Storybook zinaweza kupakuliwa na kuchapwa siku mtandao upo, zikakaa rafuni siku haupo. Kundi la WhatsApp lifanye kazi ya kutangaza, na tangazo hilo hilo libandikwe kwenye mlango wa kiwanda kwa ajili ya wenye simu za tochi.

Vifungu vya kupeleka mezani viwe hivi: chumba chenye taa na mahali pa kuchaji, bando la chumba lilipwe na mwajiri, na mtu mmoja mwenye saa zinazolipwa za kuhudumia wasomaji. Saa za kufungua ziandikwe ndani ya mkataba. Chumba kikifungwa saa kumi na moja jioni, wachumaji watakuwa bado kwenye foleni ya mizani.