Homa ya Viungo Inayozaliwa Pipani

Mkazi wa Likoni akiamka na homa kali na viungo kuuma, hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya malaria bila kupimwa. Huenda anatibu ugonjwa asio nao. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018, Mombasa ilikumbwa na chikungunya, na dawa ya malaria haiwezi kuutibu ugonjwa huo.

Jina hilo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kama atembeavyo mgonjwa. Ugonjwa ulizuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Mwaka 2004 ulienea Lamu wakati wa ukame, watu wakiwa wamehifadhi maji majumbani. Na sisi hapa, mifereji ikikauka, hununua maji ya mkokoteni na kuyajaza mapipani.

Humo ndimo anamozaliwa mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni. Huyu huuma mchana, basi neti ya usiku pekee haitoshi. Akimuuma mgonjwa siku za mwanzo za homa, hunyonya virusi pamoja na damu. Virusi huzaana ndani yake siku kadhaa hadi vifike mateni, kisha kila amuumaye yumo hatarini.

Seli zilizovamiwa hutoa kemikali za kuzionya jirani zake, na kemikali hizo huchangia homa na uchovu. Baada ya siku tano hivi, kingamwili huanza kuonekana damuni na kuvishika virusi visiingie seli nyingine. Wengi hupona, ingawa viungo huweza kuuma kwa miezi.

Mbu huyo huyo hueneza dengi, ambayo ina hila zaidi. Virusi vyake ni vya aina nne, na kinga ya aina moja huweza kuisaidia aina nyingine kuingia selini. Ndiyo maana dengi ya pili huweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Hatari huja homa inaposhuka, wakati jamaa wanashukuru: tumbo likiuma sana, mgonjwa akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, mpelekeni hospitali mara moja. Kabla ya kupimwa, tumia parasetamoli kwa kipimo chake. Aspirini na diklofenaki huzidisha kuvuja damu.

Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hugandama kwenye ukuta wa pipa na hustahimili ukavu kwa miezi. Lisugue kwa brashi kila wiki, kisha lifunike barabara.