Je, Wajua? Tangi la Maji, Kajaga

Je, wajua kwamba utafiti mzito kuhusu bomba lililokauka ulifanyika Uvira, mji wa Kongo ulio ng'ambo tu ya Kajaga, Burundi? Watafiti walichukua takwimu za 2009 hadi 2014, wakalinganisha siku ambazo maji hayakutoka na idadi ya waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu. Matokeo yalichapishwa 2015: siku moja bila maji ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa kwa muda wa siku 12, ukilinganisha na maji yanapotoka vizuri. Kukatika kwa maji kumeshasahaulika, ugonjwa ndiyo kwanza unabisha hodi.

Je, wajua kwamba tangi huhifadhi maji, halisafishi? Klorini iliyotiwa kiwandani hupungua kadiri maji yanavyokaa, na joto na tope huimaliza upesi zaidi. Fungua kifuniko, pitisha kidole ukutani chini ya usawa wa maji. Ule utelezi ni bakteria waliojijengea kibanda chao, na klorini kidogo haiwafikii. Ndiyo maana brashi hutangulia, javeli (dawa ya maji yenye klorini) hufuata.

Je, wajua kipimo? Kwa javeli ya asilimia 5, lita 1 hutosha tangi la lita 1,000. Toa maji yote, sugua, jaza, mimina javeli. Kisha fungua bomba moja baada ya jingine, hata lile la bafu la wageni lisilotumika, mpaka usikie harufu ya javeli. Mabomba yenyewe nayo ni sehemu ya tangi. Funga, acha saa 24, na mtu asinywe. Halafu mwaga yote, mbali na bustani na mbali na ziwa, ujaze upya. Gari la safari lenye vitanda na jiko hufuata kanuni hiyo hiyo: tangi la lita 60, mililita 60.

Je, wajua kwamba maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9? Sehemu ya chumvi zake huletwa na Rusizi kutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye ukanda wa volkano. (Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwa mto huo Novemba 1871 kuhakikisha kama unaingia ziwani au unatoka. Unaingia.) Kwa mwenye tangi, pH hiyo si jambo la wanakemia peke yao. Kwenye pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika umbo lake kali la kuua vijidudu. Kwenye 9 haifiki hata sehemu 5 kwa 100. Anayevuta maji ya ziwa kwa pampu asitegemee ile nusu saa ya kawaida ya kungoja klorini ifanye kazi kabla ya kunywa. Angoje zaidi, kungoja hakuna gharama.

Je, wajua kwamba mji wa kwanza duniani kutia klorini katika maji yake mfululizo ulikuwa Middelkerke, Ubelgiji, mwaka 1902?

Je, wajua kwamba tangi la chini ya ardhi ndilo la kwanza kuharibika mafuriko yakija? Rusizi ilipofurika Gatumba Aprili 2020, na ziwa lilipopanda miaka iliyofuata hadi ndani ya nyua za Kajaga, maji ya vyoo na ya visima yalikuwa yamekwisha changanyika. Kumimina javeli juu ya tope ni kutupa pesa, kwa sababu tope huila klorini yote. Pampu kwanza, brashi, kisha javeli. Watu wa Kajaga huogopa kiboko, na wana haki. Ufa wa kifuniko nao uogopwe.

Je, wajua kwamba tangi jeusi huzuia mwani kwa kuzuia mwanga? Na kwamba wavu kwenye bomba la kufurikia huwanyima mbu pa kutaga?

Je, wajua kwamba javeli huzeeka? Ikikaa juani au ikipita miezi sita, nguvu yake hupungua. Soma tarehe kabla ya kununua.

Na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini, na aliyejiinamia ndani ya tangi kulisugua hana pa kukimbilia.