Pepo za Raskazone na Mvua za Tanga

Asimamaye Raskazone, mashariki ya mji wa Tanga, huona kwamba siku zilizo shwari upepo wa mchana hutoka baharini, na ule wa alfajiri hutoka nchi kavu. Je, sababu ni nini?

Chukua makopo mawili, moja la mchanga na moja la maji, uyaanike juani kwa saa moja. Kipimajoto kitaonyesha kuwa mchanga umepata joto zaidi. Nchi kavu nayo hupata joto upesi na kupoa upesi kuliko bahari. Hewa yenye joto hupanda, na hewa baridi huja kushika nafasi yake.

Kanuni hiyo ndiyo iendeshayo misimu. Desemba hadi Machi bara la Asia hupoa, na kaskazi huvuma. Mei hadi Septemba hupata joto, na kusi hutawala. Pepo hizo zinapopishana, ukanda wa mvua hupita juu ya Tanga mara mbili: masika, kisha vuli.

Hata hivyo, kalenda peke yake haimtoshi mkulima wala mvuvi. Mwaka 1997 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na vuli ikaleta mafuriko Afrika Mashariki. Kwa hiyo kila shule na ipime mvua kila siku saa 3 asubuhi, na kuandika. Kumbukumbu ya miaka mingi ndiyo itakayotuonyesha kama misimu inabadilika.