Ozoni ya ardhini: Jua lina sehemu yake, moshi nao una yake

MKAZI wa Kiwanjani, mtaa ulio jirani na uwanja wa ndege wa Isiolo, hahitaji kuelezwa habari za vumbi. Hulifuta mezani kila siku. Lakini ipo gesi isiyoonekana, ambayo haitoki moja kwa moja katika gari wala jiko, bali hupikwa na jua hewani. Gesi hiyo ni ozoni.

Msomaji asidhani tunazungumzia lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale hatari ya jua. Gesi ni ile ile, ila huku chini ikivutwa huwasha mapafu, huchochea pumu na kudhoofisha mimea. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi maikrogramu 100 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8.

Magari, kuni na makaa hutoa oksidi za nitrojeni na mivuke mingine. Jua likiipiga hewa hiyo, ozoni huundwa. La ajabu ni kwamba kando ya barabara kuu yenyewe ozoni huwa kidogo, kwa kuwa moshi mbichi huila; hujikusanya mbali zaidi, upepo unakoelekea.

Hapo ndipo penye utata. Joto huharakisha kazi hiyo, upepo mkali huitawanya, mawingu huipunguza. Kwa hiyo miaka miwili yenye magari sawa yaweza kuwa na ozoni tofauti kabisa. Mwaka 2003, joto kali lilipoikumba Ulaya, ozoni ilipanda mno ilhali gesi chafu zilikuwa zikipungua huko kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya Covid-19, magari yalipungua, lakini katika miji kadhaa ya Ulaya ozoni iliongezeka.

Ndiyo maana wataalamu hawaamini takwimu za mwaka mmoja. Hukusanya vipimo vya miaka mingi, kisha kwa hesabu huondoa mchango wa joto, upepo na mvua. Kinachobaki ndicho huonyesha kama moshi umezidi au umepungua.

Kenya ina hazina katika jambo hili. Kituo cha Mlima Kenya, kilicho mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilianzishwa mwaka 1999 chini ya Idara ya Hali ya Anga. Usiku hewa hukifikia ikishuka kutoka juu. Mchana hewa ya nyanda za chini hupanda mlimani. Aidha, kati ya Juni na Oktoba mioto ya nyika kusini mwa Afrika huchafua anga ya eneo pana.

Hata hivyo, kituo cha mlimani hakiwezi kumweleza mkazi wa Kiwanjani kuhusu hewa ya mlangoni pake. Tangu lami ilipofika Moyale katika muongo wa 2010, Isiolo imekuwa njia ya malori ya kaskazini. Kwa maoni yangu, mji wenye jua kama huu wastahili kipimo chake mapema, kabla magari hayajazidi, ili pawe na mwaka wa kulinganishia.

Kwa sasa, mzazi mwenye mtoto wa pumu ajue kwamba ozoni huwa nyingi alasiri. Mbio na mpira ni heri vifanywe asubuhi.