Mswaki wa Kwanza wa Mtoto
Meno ya utotoni, yaani yale 20 ambayo kwa kawaida huanza kuchomoza mtoto akikaribia miezi 6 na kukamilika karibu na umri wa miaka 3, yanastahili kupigwa mswaki tangu jino la kwanza lionekanapo, kwani jino lililooza humtesa mtoto na huweza kudhuru jino la ukubwani linalokua chini yake. Mswaki unaofaa una kichwa kidogo kinachofika kwenye magego, nywele laini zisizochubua ufizi na mpini mnene unaoshikika kwa kiganja kichanga. Rangi haiongezi usafi, ingawa mtoto aliyeuchagua mwenyewe huupenda zaidi.

Dawa ya meno yenye floridi, madini yanayoimarisha tabaka gumu la nje la jino, itiwe kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha kiasi cha njegere hadi miaka 6, na mtoto afundishwe kuitema. Wazazi wa Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji ya baadhi ya visima na chemchemi yana floridi nyingi inayoyatia meno yanayokua madoa ya kahawia, wana sababu zaidi ya kumwuliza daktari wa meno kuhusu dawa hiyo.

Mtoto hujifunza kwa kuiga, hivyo mzazi apige mswaki mbele yake asubuhi na usiku, hasa usiku, kwa kuwa mate yanayopunguza asidi ya bakteria hupungua usingizini. Tena aendelee kumsaidia, maana kabla ya miaka 7 hivi mkono wa mtoto haujamudu kazi hiyo.